Wazazi na Siku za Matokeo

Katika mwezi wa Januari, 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza ya kuwa halitataja tena shule zilizo bora wala watahiniwa walioongoza. Sisi walimu tulilisifu neno lile, na hata leo twalisifu. Walakini kazi iliyoachwa na Baraza, wazazi wengi wameishika. Matokeo ya kidato cha sita yatokapo, kwa desturi katika Julai, kila sebule hupanga orodha yake: mtoto wa fulani amepata Daraja la Kwanza, wa kwetu la Tatu, tumeaibika. Leo twataka kuisema kasoro hii waziwazi, maana hasara yake tumeiona.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye bidii, aliyepata Daraja la Pili. Haja yake ilikuwa kufundisha hesabu, naye aliisema mbele yetu na mbele ya baba yake. Wakati wa maombi ya vyuo alikuwa kambini JKT, kama vijana wengi wa kidato cha sita, basi maombi yakapelekwa na baba, kwa namba ya simu ya baba. Vyuo viwili vikamkubali. Sasa kanuni ni hii: aliyekubaliwa katika vyuo zaidi ya kimoja sharti athibitishe kimoja kabla ya siku iliyowekwa, kwa namba maalum ipelekwayo katika simu yake. Namba ikaja, na baba akainyamazia. Alikuwa akitazamia udaktari katika dirisha la pili, kwa kuwa mtoto wa jirani aliupata. Kijana aliporudi akauliza habari, akajibiwa, “Ngoja, mwanangu.” Kwa adabu yake akangoja. Udaktari haukumpokea, na nafasi zile mbili zikawa zimekwenda. Alikaa nyumbani mwaka mzima.

Baba yule hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mwanawe, illa alipenda zaidi sifa ya mwanawe. Nasi walimu hatuwezi kunawa mikono, maana ni nani aliyebandika orodha za washindi ukutani mwa ofisi? Ni nani asimamaye siku ya mahafali akawataja madaktari na wahandisi waliotoka shuleni, asimtaje mwalimu wala mkulima hata mmoja? Mzazi alijifunza kwetu.

Tena iko kasoro ya kutojua hesabu yenyewe. Wengi hudhani kwamba aliyepata Daraja la Tatu ameanguka. Katika kupanga madaraja, A huhesabiwa 1 na E huhesabiwa 5, na jumla ndogo ndiyo njema. Katika kuingia chuo kikuu hesabu hupinduliwa: A ni 5 na E ni 1, na jumla kubwa ndiyo njema. Mtoto aliyepata D, D na E ana 13 kwa hesabu ya kwanza, nalo ni Daraja la Tatu. Kwa hesabu ya pili zile D mbili humpa 4, nacho ndicho kiasi cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu kwa waliomaliza tangu 2016. Kweli kila kozi ina masharti yake, na nyingine hutaka zaidi sana. Lakini mtoto huyu amefika mlangoni, na mzazi asiyejua humrudisha kwa kilio.

Yamkini msomaji atasema, “Mwenye kulipa ada ni mimi, je, nisichague?” Twajibu: una haki ya kusema kiasi cha fedha ulicho nacho, na useme mapema bila kuficha. Una haki ya kuuliza kozi ile ina kazi gani mbele yake. Lakini miaka mitatu au zaidi ya kukesha na vitabu itakuwa yake, wala huwezi kumkeshea.

Tena kazi ya mzazi katika siku zile si ndogo. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe na kuhakikiwa kabla ya matokeo, kwa maana Bodi ya Mikopo hukidai. Na ifahamike kwamba kukubaliwa chuoni si kupewa mkopo, bali ni maombi mawili mbalimbali. Simu iliyoandikwa katika maombi iwe ya mtoto mwenyewe; na kama hana budi kutumia yako, kila ujumbe umfikie siku ile ile. Siku ya mwisho iandikwe mahali paonekanapo na wote. Kama dirisha la kwanza limemkosesha, msikimbilie kozi yo yote iliyobaki kwa hofu ya kuchekwa. Keteni, msome masharti pamoja, mkumbuke na vyuo vya ufundi na vya stashahada, ambavyo wengi wamepitia wakafika mbali.

Na usiku ule wa matokeo, kabla ya kuuliza jirani amepata nini, mpe mtoto chakula, umwulize yeye anataka nini. Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize. Baba yule tuliyemtaja alikuwa ameambiwa jibu tangu mwanzo, tena mbele yetu.