Kumpisha Mwenzako: Ufundi wa Maroon Commandos

Mwaka 1977 bendi ya wanajeshi kutoka kambi ya Langata, Nairobi, ilitoa santuri ya wimbo ulioimbwa Kitaita. Wimbo ni "Charonyi Ni Wasi", bendi ni Maroon Commandos, na kiongozi wake alikuwa Habel Kifoto, Mtaita. Ulipendwa na watu wasiojua Kitaita hata cha salamu. Wakaucheza, wakauimba kwa kubahatisha maneno. Mpaka leo ukipigwa kwenye matatu inayotoka Voi, ikapita Mwatate na kuanza kukwea kona za Wundanyi, abiria wanatulia. Vijana waliozaliwa miaka thelathini baada ya santuri hiyo wanajua pa kuitikia.

Wengi husema unapendwa kwa sababu unazungumzia ugeni, taabu ya mtu aliye mbali na kwao. Ni kweli kwamba Wataita wameijua hali hiyo kwa muda mrefu, tangu wanaume walipoanza kushuka milimani kutafuta kazi reli, Mombasa na Nairobi. Lakini nyimbo za ugeni ni nyingi, na nyingi zimeshasahaulika. Huu umebaki kwa sababu umeundwa vizuri, na uzuri wa kuundwa huko unastahili kuangaliwa taratibu, kipande kwa kipande.

Anza na magitaa. Katika rumba ya Afrika Mashariki ya miaka ile, wapiga gitaa waligawana kazi kama mafundi wa jengo moja. Solo lilikaa juu, kwenye nyuzi nyembamba, likiongea sana. Rizimu lilikaa chini, likishika mwendo pamoja na besi na ngoma. Katikati yao kulikuwa na gitaa la pili, na hilo ndilo ningemwomba msikilizaji alifuate. Kazi yake ni kuchukua kipande kifupi cha sauti, noti chache tu, na kukirudia bila kuchoka, likibadilisha kidogo pale wimbo unapogeuka. Asiye na sikio hulidharau, kumbe likiondolewa solo linabaki linaelea na rizimu linasikika kavu. Mtu anayelipiga vizuri anapaswa kuwa na moyo wa kukubali kutosikika.

Sasa sikiliza nafasi. Waimbaji wakimaliza mstari, solo huingia katika ule upenyo mdogo, likajibu, likatoka kabla ya mstari unaofuata. Tarumbeta na saksafoni zikipanda, magitaa hushuka. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Jambo hili husikika rahisi kwa sababu limefanyiwa mazoezi mpaka likawa tabia, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye bendi, hata ya kanisani, anajua jinsi lilivyo gumu. Kila mpigaji anatamani kusikika. Kujizuia ndiyo sehemu ya mwisho kujifunzwa.

Sauti nazo zina hesabu yake. Kitaita, kama Kiswahili, hufunga silabi kwa irabu, na irabu ndiyo mahali pa sauti kupumzika. Waimbaji kadhaa wanaweza kushika irabu moja kwa pamoja, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja chini, wakaivuta kadiri wanavyotaka bila konsonanti kuwakatiza. Kifoto aliijua lugha yake na akaiachia ifanye kazi hiyo. Ndiyo maana asiyeelewa neno hata moja anashikwa na wimbo: kinachomfikia kwanza ni ile sauti iliyovutwa, ambayo inahuzunika waziwazi huku miguu ikitaka kucheza.

Hawakuanza hapo. Bendi iliundwa 1970 ndani ya kikosi cha saba cha Kenya Rifles, na miaka ya mwanzo ilipiga zaidi nyimbo za mtindo wa Kongo, kama bendi nyingi za Nairobi za wakati huo. Mwaka 1972 ilipata ajali ya barabarani iliyoua baadhi ya wanamuziki wake. Waliobaki walijipanga upya, na ilipofika 1977 walikuwa na sauti ambayo haikuazimwa kwa mtu.

Nadhani kambi ilichangia kuliko inavyosemwa. Mwanamuziki wa kilabu aliishi kwa mapato ya mlangoni na kwa ala za tajiri. Wakikosana, bendi inavunjika. Simba Wanyika ya ndugu Kinyonga kutoka Tanga iligawanyika 1978 ikazaliwa Les Wanyika, na mgawanyiko ukazaa mwingine. Mwanajeshi alikuwa na mshahara, ala zilikuwa za kikosi, na mazoezi yalikuwa kazi. Tanzania walilijua hilo pia, ndiyo maana jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) likawa na Kimulimuli. Muda ndio mtaji wa ufundi, na kambi iliwapa muda.

Mbali kabisa na sisi, Japani, vikundi vya vijana wa kiume vinavyoimba na kucheza pamoja hulelewa kwa namna inayofanana na hiyo. Kampuni huwachukua wangali wadogo na kuwafundisha kwa miaka kabla ya santuri ya kwanza. SMAP, waliotoa wimbo wao wa kwanza 1991, walivunjika mwisho wa 2016, lakini "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" wa 2003 bado unaimbwa na watu wa kila umri. Zilipendwa zao na zetu zimepikwa kwa moto mmoja: vijana wengi, nidhamu ndefu, na sauti iliyokubali kuwa moja.

Taita ilishatoa wimbo mkubwa kabla ya huo. Fadhili William, aliyezaliwa upande wetu huu, ndiye aliyerekodi "Malaika", ukazunguka dunia kwa mdomo wa Miriam Makeba na wengine. Lakini "Malaika" ni wa Kiswahili. Kifoto alipeleka lugha ya Dawida, yaani milima ya Taita, kwenye Sauti ya Kenya na kwenye kumbi za dansi bila kuipunguza wala kuitolea maelezo, na hilo nalihesabu kuwa ujasiri wa fundi. Bendi hiyohiyo iliimba Kiswahili katika "Riziki", "Uvivu" na "Dawa Nimuone Hani", na mwanabendi Laban Ochuka akaiingizia ladha ya benga ya Kiluo. Ukizisikiliza moja baada ya nyingine, unatambua mkono uleule: mwanzo usio na haraka, sauti za pamoja, ala za kupuliza zinazoingia pale tu zinapohitajika.

Santuri ndogo za wakati ule zilikuwa na dakika chache kila upande, kwa hiyo mafundi wa Nairobi walizoea kuukata wimbo mara mbili: maneno upande wa kwanza, magitaa yakafunguka upande wa pili. Mtunzi alilazimika kujua mapema ni wapi msikilizaji atanyanyuka kugeuza santuri, na kuacha kitu kitakachomfanya aigeuze. Leo tunasikiliza kwenye simu bila kunyanyuka, lakini mpango ule bado unasikika ndani ya nyimbo, ule mgongo unaojengwa taratibu mpaka magitaa yapewe ruhusa.

Kifoto alifariki 2011. Vijana wa Mwatate wanaoshika gitaa sasa, wengi wao makanisani, hupenda kuanza na solo la wimbo huu kwa sababu ndilo linalotambulika. Mimi huwashauri waanze na lile la katikati, walipige wimbo mzima bila kupamba, wakati mwenzao anaimba. Wakishaliweza hilo, solo watalipata kwa wiki moja.