Hifadhidata ya nyumbani kwa mfugaji wa Muheto

Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye Microsoft Access, programu ambayo watu wengi huiona ya duka au ofisi ndogo. Kompyuta haikutangulia. Kwanza madaftari mengi ya kila idara yaliondolewa, ikabaki fomu moja ya karatasi kwa kila mgonjwa, kisha fomu hiyo ikaingizwa kwenye mashine. Umeme nao uliwekewa akiba. Katika miezi sita ziliingia ziara 10,000 za wagonjwa 6,190, na mgonjwa akawa anamaliza shughuli zake kituoni kwa muda uliopungua asilimia 22.

Mfugaji wa Muheto, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, mwenye daftari la maziwa, la jibini na la madeni, anaweza kuifuata njia hiyo hiyo. Programu tu ndiyo asiige. Access huendeshwa kwenye Windows peke yake, na leseni yake hulipiwa.

Wengi wakitafuta ya bure hufikia LibreOffice Base. Ina Kifaransa, na fomu zake hutengenezwa bila kuandika msimbo. Lakini hifadhidata yake ya ndani, HSQLDB, huweka mabadiliko kwenye kumbukumbu ya mashine mpaka faili lihifadhiwe. Panapotegemewa sola na betri iliyochoka, hapo mtu hupoteza maandishi ya jioni nzima. Kwangu kasoro hiyo inatosha kuiweka kando.

SQLite ndiyo ninayoichagua. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000, na ni mali ya umma: haidai leseni wala usajili. Kabla ya kubadilisha data, kwa kawaida hunakili hali ya zamani kwenye faili la pembeni. Betri ikizimika katikati ya kazi, ukiifungua tena inarudisha mambo yalivyokuwa. Simu ya Android uliyo nayo mfukoni inaitumia tayari. Kwenye kompyuta pakua DB Browser for SQLite, nayo ya bure, uone majedwali kama ya Excel na kuyatoa kwa CSV siku ukitaka kuhamia kwingine. Data yote iko kwenye faili moja. Masisi, ambako familia imewahi kuhama usiku mmoja, faili linaloingia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu si jambo dogo.

Udhaifu wake ni kwamba haiji na fomu; utaandika moja kwa moja kwenye jedwali, au umwombe kijana wa sekondari ajifunze amri chache za SQL, lugha ya hifadhidata.

MySQL iache. Eldoret waliihitaji Februari 2006, walipohamia OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumia MySQL, kwa sababu huduma za VVU zilikuwa zimeenea kliniki nyingi. MySQL ni seva, hukaa macho muda wote, na betri ndiyo inayolipa.

Majedwali matatu yanatosha: ng'ombe, maziwa, wateja. Kila mteja mpe namba, usitegemee jina. Akina Bahati wako wangapi Masisi? Andika kwanza kwenye karatasi moja kwa mwezi mzima, ufute safu zisizojazwa, ndipo uwashe kompyuta. Na kila Jumamosi nakili faili kwenye flashi, uiweke nyumba nyingine.