Dirisha la Kuazima

Kwenye kompyuta yangu kuna faili niliyoipa jina "Shajara ya Korona". Niliianza Aprili 2020, wiki chache baada ya vyuo kufungwa, nikiwa nimerudi nyumbani kijijini, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Sirari, wilaya ya Tarime. Juzi niliifungua kwa sababu nilitaka kuandika kuhusu namna watu wa kawaida walivyoupokea ugonjwa ule siku za mwanzo, nikadhani nina ushahidi wa mtu aliyekuwepo. Sentensi ya kwanza inasema nimekaa dirishani, natazama barabara tupu.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu. Dirisha la chumba nilichokuwa nalala linatazama migomba na jiko la mama. Barabara ya kwenda mpakani huioni kutoka pale, na hata ungeiona usingeikuta tupu. Tanzania haikuwafungia watu ndani. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, shule zikafungwa kesho yake, ligi ya mpira ikasimama. Lakini nyumba za ibada ziliendelea, masoko yaliendelea, na sisi tuliorudi kutoka vyuoni tuliongezewa kazi, maana kisingizio cha masomo kilikuwa kimekwisha. Siku niliyoandika sentensi ile nadhani nilikuwa nimetoka kupalilia mahindi.

Dirisha lilitoka kwenye simu. Usiku nilikuwa nanunua bando na kusoma shajara za watu wa Milan, wa New York, wa Nairobi. Karibu kila moja ilikuwa na dirisha, na nje ya dirisha palikuwa kimya. Niliona ndivyo ugonjwa wa dunia unavyoandikwa, nami nikataka kuandika kama watu wa dunia. Nikaazima dirisha.

Ningeiacha hiyo kama aibu yangu binafsi, ila tangu hapo nimesoma insha na hadithi nyingi za Kiswahili kuhusu kipindi kile, na dirisha langu nimelikuta humo tena na tena. Wapo walioliacha, lakini wengi wao wamelikimbilia kundi la pili: vichekesho. Bibi kajifunika blanketi juu ya nyungu, anatokwa jasho, anaamini mwarobaini na mchaichai vimemfukuza kirusi. Mjukuu aliyesoma anamtazama na kutabasamu. Hadithi ya dirisha inamwona mtu wa kwetu kama mtu wa Milan. Hadithi ya nyungu inamwona kama mjinga mwenye roho nzuri. Sijui ipi ni mbaya zaidi. Nadhani ya pili, kwa sababu mwandishi wake anajua anachokitazama.

Nichukue mfano mdogo. Kulikuwa na mama mmoja pale sokoni, muuza dagaa, ambaye mwezi ule aliweka kopo la maji ya sabuni mbele ya meza yake. Ukimlipa kwa sarafu, hakupokea mkononi. Ulidondosha ndani ya kopo. Chenji pia aliichota humo humo, imelowa, na kwa kuwa Sirari shilingi za Kenya na za Tanzania zinatembea pamoja, ulilazimika kusimama na kuchambua sarafu zinazoteleza. Noti alizipokea kama kawaida. Tulimtania sana kuhusu noti. Katika shajara yangu hayumo. Nilimwona hafai kuandikwa.

Miaka miwili baadaye nilisoma *A Journal of the Plague Year* ya Daniel Defoe, kitabu cha mwaka 1722 kuhusu tauni iliyoipiga London mwaka 1665. Humo kuna wauza nyama ambao hawakupokea fedha kwa mkono. Mnunuzi aliitumbukiza kwenye chombo chenye siki. Niliacha kusoma kwa muda. Mama wa dagaa alikuwa mle, amevaa nguo za karne ya 17. Defoe wakati wa tauni ile alikuwa mtoto wa miaka kama mitano tu, kwa hiyo mengi aliyoyaandika aliyakusanya kwa watu na kwenye kumbukumbu; lakini alijua kwamba chombo cha siki ni habari. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimesimama mbele ya kopo lenyewe, na sikujua.

Kitabu hicho kina kitu kingine ambacho sisi tulikikosa, na nadhani hapo ndipo hadithi zetu zinapopotea njia. Kina hesabu. Kila wiki parokia za London zilitoa orodha ya waliokufa, na watu wa Defoe wanaishi kwa orodha hizo: zikipanda wanakimbia, zikishuka wanarudi kusalimiana barabarani mapema kuliko inavyopasa. Albert Camus, katika *La Peste* ya mwaka 1947, anafanya vilevile na mji wa Oran; idadi ya vifo ndiyo inayosukuma kisa. Masimulizi mengi ya Ulaya na Marekani ya mwaka 2020 yana mgongo huo huo. Tarakimu inapanda, milango inafungwa, tarakimu inashuka, milango inafunguliwa.

Sisi tulikuwa na tarakimu kwa wiki sita hivi. Ya mwisho ilikuwa hii: wagonjwa 509, vifo 21. Mei 3 Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kuwa na korona, na wiki nzima kijijini hapakuwa na mbuzi aliyekohoa bila kuulizwa ametoka nchi gani. Baada ya hapo, kimya. Ukiwa mwandishi na umezoea kisa kinachopanda na kushuka kwa namba, unafanya nini na nchi ambayo namba imesimama palepale?

Watu wa kawaida walikuwa na jibu kabla yetu. Walianza kusoma vitu vingine. Walisoma misiba: imetangazwa kanisani au kimyakimya, jeneza limefunguliwa au halikufunguliwa, waliobeba walivaa glavu au la. Walisoma bei ya tangawizi na malimao. Walisoma picha, ile ya mwanzoni mwa Machi, Rais na Maalim Seif Ikulu wakisalimiana kwa kugongana miguu, niliiona kwenye simu za watu ambao hawajawahi kujali siasa za Zanzibar, na waliichambua kama mwanafunzi wa fasihi anavyochambua shairi. Kama wakubwa hawapeani mikono, kuna jambo.

Na walisoma kwa maneno waliyokuwa nayo. Neno karantini, ambalo magazeti yalilieleza kana kwamba limeshuka juzi, wafugaji wa Tarime na Serengeti walikuwa nalo zamani. Karantini ni mnada kufungwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ni ng'ombe kutovuka kwenda kijiji cha pili, na ni ada ya mtoto kuchelewa. Mzee mmoja jirani yetu aliposikia watu wa Ulaya wamewekwa karantini, aliuliza swali ambalo sijalikuta kwenye insha yoyote: nani anawapelekea majani? Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Kwa mfugaji, anayefunga zizi ndiye anayelisha.

Sirari ilikuwa na jambo la ziada. Ng'ambo ya mpaka ni Isebania, Kenya, na Wakurya wako pande zote mbili. Ukoo mmoja una vitambulisho vya nchi mbili. Kule hesabu ziliendelea. Kila siku Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza waliopimwa, waliokutwa nao, waliokufa. Kuanzia Machi 27 palikuwa na kafyu kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Redio na simu hazijui mpaka, kwa hiyo upande wetu tulikuwa tunasikia namba za jirani kila jioni, huku zetu zikiwa zimenyamaza. Mei 16 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, ikaruhusu mizigo tu.

Wiki iliyofuata baba mkubwa alifariki. Tuliambiwa presha.

Msiba wa Kikurya hauna namna ya kuwa mdogo. Nilijipa kazi ya kusimama getini na ndoo ya maji yenye koki na sabuni, nikiwaelekeza watu wanawe. Wengi walinawa. Walinawa vizuri, mpaka viwiko, kisha wakaingia ndani na kukumbatiana. Bibi alipofika alininyooshea mkono. Nikampa kiwiko, kama nilivyokuwa nimejifunza. Hakuushusha mkono wake. Akasema, "Mura, mkono wangu una nini?"

Nilimpa mkono. Nilifanya hivyo kwa aibu, na usiku sikulala nikihesabu siku kumi na nne, si kwa ajili yangu.

Ndani, wanawake walikuwa wanasoma. Mwili umeletwa mchana. Watazika mchana. Mitandaoni zilikuwa zinazunguka video za watu wanaozikwa usiku, kwa hiyo mchana ulikuwa na maana: basi si korona. Niliisikia hoja hiyo mara tatu kwa watu watatu, na kila aliyeisema alivuta pumzi baada ya kuisema. Sitaki kuipamba. Usomaji ule ulikuwa na makosa, na makosa yake yaliwaumiza watu. Wiki hiyohiyo dereva mmoja wa lori alikohoa kwenye mgahawa njia panda akafukuzwa chakula kikiwa mezani, kwa sababu madereva wa malori walikuwa wameshasomwa na hukumu yao imeshatoka. Ninachosema ni kwamba palikuwa na akili inayofanya kazi, usiku na mchana, bila msaada. Mwandishi anayeiandika kama ujinga hajaitazama, na anayeiandika kama hekima ya wahenga hajaitazama pia.

Shangazi, aliyeolewa ng'ambo, alifika jioni kwa njia ya panya, viatu vimelowa. Alikuwa na muda mchache, lazima awe amerudi kwake kabla ya saa moja. Baada ya kulia alikaa, akapewa uji, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Huku kwenu leo ni wangapi?"

Kimya. Kisha mtu mmoja akasema, "Sisi tumeacha kuhesabu." Watu wakacheka, yeye pia akacheka, msibani. Akatutajia wa kwao wa siku ile. Hakuna aliyecheka tena.

Hayo yote hayamo kwenye shajara yangu. Ukurasa wa wiki ile una aya mbili kuhusu upweke.

Ukivuka Mto Mara kwenda kusini unaingia wilaya ya Serengeti, na huko dirisha la kuazima lilikuwa la aina nyingine. Mwaka ule niliona makala nyingi za kigeni zenye picha za mbuga bila magari, zikisema dunia imepumzika na wanyama wamerudishiwa nafasi yao. Binamu yangu ni dereva wa watalii, anaishi Mugumu. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili, na hata ziliporuhusiwa tena Mei 18 wageni hawakuja. Nchi iliyopokea wageni zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019 ilipokea kama 620,000 mwaka 2020. Nyumbu walipanda kaskazini kama kila mwaka na kuvuka mto. Magari yalikuwa yamefunikwa maturubai uani kwa tajiri, na binamu alikuwa anafyatua matofali.

Nilimpelekea mojawapo ya makala zile kwa WhatsApp, nikidhani itamfariji. Alijibu kwa ujumbe wa sauti mrefu, mwingi wake ni kuhusu bei ya saruji. Mwishoni aliniuliza kama aliyeandika amewahi kufika. Alikuwa amefika, picha zilikuwa nzuri sana. Ila katika makala nzima hapakuwa na binadamu isipokuwa mwandishi mwenyewe na hisia zake, kama vile geti la Ikoma hujifungua lenyewe asubuhi. Ukimya ule aliousifu ulikuwa ni mshahara wa watu usioingia.

Mara nyingi najiuliza kwa nini hatukuandika. Woga ulikuwepo, tusidanganyane. Ulikuwa msimu wa kuchunga mdomo, na mtu alijua kuna takwimu zisizo zake kutaja. Hilo ninalielewa. Lakini kopo la mama wa dagaa halikuwa takwimu. Swali la mzee kuhusu majani halikuwa siasa. Viatu vya shangazi havikuhitaji kibali cha wizara. Tungeweza kuyaandika yale mbele ya mtu yeyote, na hatukuyaandika kwa sababu tulikuwa tunasubiri ugonjwa ufanane na ule wa kwenye simu.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi nikamuuliza kama anakumbuka namba aliyotutajia jioni ile, nilitaka kuiweka hapa. Hakumbuki. Alishangaa hata kuambiwa kwamba aliitaja. Anachokumbuka ni kwamba aliporudi, giza lilikuwa linaingia na kuna mtu upande wa Kenya alimmulika tochi usoni, akamuuliza anatoka wapi, naye akajibu kwamba anatoka kutafuta ng'ombe.

"Akakubali?" nikamuuliza.

"Aliniuliza ng'ombe wa rangi gani."