Ndege ya Milia, Jahazi la Ndala

Kazi ya sanaa iliyotengenezwa ili ichangishe pesa tuihakiki vipi? Sisi watu wa fasihi huwa tunalikwepa swali hili. Tukisikia filamu fulani imechimba kisima, au mchoro fulani umelipa karo ya mtoto, tunapiga makofi na kunyamaza, maana nani anataka kuonekana anagombana na kisima? Lakini ombi la mchango nalo ni utungo. Lina mtunzi, lina hadhira, lina mbinu zake za kugusa moyo, na mbinu hizo zina historia. Hapa kwetu Serengeti historia hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Nina vyombo viwili vya kusafiria ambavyo nataka tuvitazame pamoja. Kimoja cha majini, kingine cha angani.

Cha majini ni jahazi liitwalo Flipflopi, lililozinduliwa Lamu Septemba 2018. Lina urefu wa mita 9, limeundwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyotupwa, kisha likavishwa vipande vya ndala zipatazo 30,000 (wengine mtaziita kandambili). Mwenye wazo ni Ben Morison, mwenye mikono ni Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kama kilomita 500 kutoka Lamu hadi Unguja, likitia nanga njiani watu wakutane, wasikie habari ya plastiki inayoziba bahari, waguse ubavu wa chombo. Mwaka 2021 likaletwa Ziwa Victoria, likaanzia Kisumu na kuzunguka nchi tatu. Ndiyo, ziwa nalo lina mwambao, na uchafu wake unatoka mbali. Mto Mara unaanzia milima ya Mau huko Kenya, unakatiza mbuga, unapita kati ya wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti, ndipo unaingia ziwani upande wa Musoma. Kwa hiyo jahazi lile lilipofika Ziwa Victoria lilikuwa limefika kwetu, hata kama wengi wetu tulilionea kwenye simu.

Nilipoliona kwa mara ya kwanza, na rangi zake zote zile, nilikumbuka chombo kingine. Ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya pundamilia kuanzia puani hadi mkiani.

Ndege hiyo ilikuwa ya Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Habari yao ni shule nzima ya uchangishaji. Mwaka 1956 walitoa filamu kuhusu wanyama wa Kongo, ikawaingizia pesa. Wakaja na wazo la kuzitumia kununua ardhi ili kuipanua hifadhi ya Serengeti. Peter Molloy, aliyekuwa akisimamia hifadhi za taifa za Tanganyika, akawashauri vingine: afadhali pesa hizo zitumike kuwahesabu wanyama na kujua wanahamia wapi, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa mbioni kubadili mipaka. Basi wakajifunza urubani, wakaruka wenyewe kutoka Ujerumani hadi huku, wakahesabu. Mzee akaandika kitabu, wakapiga filamu. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tai angani, ikaanguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ikatoka mwaka huohuo kwa jina la Kijerumani lenye maana ya Serengeti haipaswi kufa, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ya makala. Baba mtu akaendelea miaka na miaka na kipindi chake cha televisheni, akiwaletea Wajerumani mnyama hai studioni na kuwaomba michango. Kuna wakati alitangaza kwenye kipindi safari za bei nafuu za kuja Afrika Mashariki, safari ambazo hakuna kampuni iliyokuwa inaziuza. Watu wakaanza kuziulizia, kampuni zikalazimika kuzitengeneza. Hapo hata mimi navua kofia.

Hebu tuwe wakweli: filamu ile ni nzuri. Ndege inapopita chini juu ya makundi ya nyumbu na ardhi nzima ikaanza kutembea, hakuna mtu mwenye macho atakayebaki baridi. Na milia ile ni ubunifu wa hali ya juu. Huhitaji milia kuhesabu nyumbu. Unaihitaji ili mtu wa Frankfurt, miezi sita baadaye, akifumba macho aione ndege, akumbuke jina, atoe pochi. Mtunzi wa mashairi anaelewa kazi hiyo, ni sawa na kibwagizo.

Lakini angalia namna watu walivyowekwa. Wenye majina ni baba na mwana. Wanyama wana idadi. Wenyeji wa upande wa magharibi, yaani sisi, tunaingia tukiwa na nyaya za kutegea, na jina letu ni moja tu: majangili. Mfugaji wa Kimasai naye anaingia pamoja na ng'ombe wake, na ng'ombe wake ni tatizo. Utungo unahitaji hivyo. Ili mtu aliye mbali aokoe mahali, mahali lazima pawe patupu na pawe na adui. Ukimwonyesha kwamba pana makaburi, mashamba ya zamani, njia za mifugo na miti ya matambiko, ataanza kuuliza maswali, na mtu anayeuliza maswali hachangi haraka.

Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Katika miaka ya 1960 kipande cha Lamai, kaskazini ya Mto Mara, nacho kikaingizwa hifadhini, na Wakurya waliokuwa huko wakatoka. Sisemi filamu ndiyo iliyowahamisha. Serikali zilikuwa na mipango yake, na akina Grzimek wenyewe walipinga mipaka mipya, kwa hoja kwamba inaacha nje nyanda ambazo nyumbu wanazihitaji. Ninachosema ni kwamba filamu ilimfundisha mtazamaji kuiona nchi isiyo na mwenyewe, na darasa hilo halijaisha hadi leo. Fungua tangazo lolote la utalii.

Dawa yake ipo kwenye maandishi, ila wasomaji wake ni wachache mno. Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani, alihariri historia zilizoandikwa na watu wa Mara Kusini wenyewe, zikatoka mwaka 2003 kwa jina la Telling Our Own Stories, halafu mwaka 2007 akatoa kitabu chake, Imagining Serengeti. Humo nyika ileile ya Grzimek imejaa majina: Waikoma, Wanata, Waishenyi, Waikizu, Wangoreme, kila kilima na habari yake, kila chemchemi na mzimu wake. Waikoma wana pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo kwao ni tambiko la kabila zima. Sasa fikiria: ndovu yuleyule, kwenye hadithi moja ni wa kuhesabiwa kutoka juu, kwenye nyingine ni mlinzi wa ukoo. Kama mwalimu yeyote wa fasihi anatafuta somo la mtazamo wa msimulizi, asihangaike na riwaya za mbali.

Mtu asinielewe vibaya akadhani nasema kuomba pesa kwa sanaa ni mambo ya Wazungu. Nenda kwenye harusi ya taarabu Unguja au Tanga, uone wanawake wanavyoinuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji, na namna kila mmoja anavyochagua ubeti wa kuinukia ili ujumbe umfikie aliyekusudiwa. Njoo Tarime, kaa karibu na mpiga litungu, kinubi kile kikubwa cha Wakurya chenye nyuzi nane. Atakutaja wewe, atamtaja baba yako, atataja ukoo wako. Utatoa. Ukitoa kidogo na inajulikana una ng'ombe, atakusema palepale, watu watacheka, utaongeza. Mtoaji yumo ndani ya wimbo. Anaweza kusifiwa, na anaweza kuumbuliwa.

Kipimo changu cha kazi za kuchangisha nimekichukua hapo. Je, kazi inaweza kumsema anayelipa?

Ndege ya milia haiwezi. Inamlaumu binadamu kwa jumla, binadamu anayezaana na kuharibu, lakini mtazamaji wake wa Ujerumani haguswi kama Mjerumani. Na hapa wilayani Serengeti bado kuna magofu ya boma la Wajerumani, Fort Ikoma, la enzi walipoitawala nchi hii. Mtoaji haombwi alipe deni. Anaombwa awe mkarimu. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na nadhani tofauti hiyo ndiyo siri ya filamu ile kupendwa.

Jahazi je? Hapa naona maendeleo makubwa, halafu naona uzembe. Maendeleo ni kwamba fundi anaonekana. Ali Skanda ana jina, na ujuzi wake ndio kazi yenyewe: ukitoa habari za michango na wafadhili, bado unabaki na swali zuri la kifundi, namna gani plastiki inakatwa, inapindwa na kuungwa kwa maarifa yaliyozoea mbao. Ubao una nyuzi zake, plastiki haina. Fundi alilazimika kufikiri upya, na fikra ile unaiona kwenye umbo la chombo. Hakuna aliyeruka juu ya Lamu kuihesabu. Lamu ndiyo iliyotoka kwenda kuwasema wengine, na kule nyumbani kikabaki kitu, maana mradi umeendelea na mafunzo ya kuunda majahazi na kuchakata taka.

Uzembe uko kwenye rangi. Zile ndala zinapendeza kupita kiasi. Ndala ni ya nani? Ni yangu, ni ya mama muuza samaki, ni ya mtoto anayekwenda kisimani. Jahazi linatuambia sote tumechafua bahari, na kosa la watu wote halina mwenyewe. Anayetengeneza plastiki, anayeiuza ikiwa imefungwa kwenye plastiki nyingine, hana ndala kwenye ubavu ule. Najua waanzilishi wake wamekuwa wakali kuliko chombo chao. Wamesukuma sheria ya Afrika Mashariki nzima dhidi ya plastiki ya kutumia mara moja, na jambo hilo lina meno. Basi mimi ningetaka meno hayo yaonekane kwenye jahazi. Mpiga litungu angetaja majina.

Kuna kazi moja iliyofanyika hapahapa ambayo inapita kipimo kwa njia ya ajabu. Ni filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, kuhusu wasichana wa wilaya ya Serengeti wanaokimbia ukeketaji na kufika nyumba salama ya Mugumu inayoongozwa na Rhobi Samwelly. Mwongozaji ni mgeni kutoka Kanada, na mtoaji wa mbali bado hasemwi. Lakini wanaosemwa ni wazazi, wanasemwa usoni, na anayewasema ni mwanamke wa hukuhuku, ambaye yeye mwenyewe alipitia kisu. Kamera inabaki pale watu wanapobishana, haikimbilii machozi. Hofu yangu ni moja: pundamilia haoni haya kuonyeshwa dunia nzima, mtoto wa miaka 12 ataona haya akifika miaka 30. Mjadala huo siuoni kwenye mapitio mengi niliyoyasoma, na si mdogo.

Halafu yapo mambo ambayo hayajapata chombo chochote. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wako waliokubali, wako waliocheka kwa hasira, mitandao ikajaa, kisha kimya. Sijaona filamu, sijaona mtumbwi uliopakwa rangi. Plastiki ikipangwa vizuri inang'aa, nyumbu wakikimbia wanapendeza, lakini maji meusi yatapambwa kwa kitu gani? Kazi kama hiyo ningependa nianze kuisikia kwa litungu, pale Nyamongo au Mugumu siku ya mnada, kapu la mchango likipita baada ya wimbo na siyo kabla. Mto unaanzia Kenya na kuishia kwetu, kwa hiyo wa kutajwa wapo pande zote mbili za mpaka, na wengi wao ng'ombe wanao.