Jua la Alfajiri Bandarini

Picha hii Claude Monet aliichora huko Le Havre, bandari ya Ufaransa, mwaka 1872. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, Louis Leroy aliidhihaki gazetini, akiiona kazi isiyokamilika. Sisi nasi, wasomaji wapenzi, tulikuwa upande wake tulipoiona mara ya kwanza imechapwa kwa wino mweusi: ukungu mtupu, na jua karibu halionekani!

Hata tulipoiona yenye rangi, tulijuta. Jua lile la rangi ya chungwa halizidi mwangaza wa mbingu ilizungukayo. Ni rangi peke yake ilitengayo na kijivu kile, ndiyo sababu wino mweusi hulimeza. Mashua tatu zafifia moja baada ya moja, na mwanga majini ni mipigo michache ya burashi.

Aamkaye mapema Bagamoyo ataitambua saa hiyo: jua latoka baharini upande wa Unguja, na ngalawa ni vivuli tu, hata mvuvi hatambulikani. Baharia atanung'unika kwamba kamba hazikuchorwa. Ni kweli; lakini alfajiri nani ahesabuye kamba?

Siku zote tumewafundisha watoto kuanza kwa mstari mweusi, ndipo watie rangi. Juzi tuliwapeleka pwani bila penseli. Mmoja alichora ngalawa ya zambarau, nasi hatukumsahihisha.