Kifutio Kisichofuta: Istilahi za Uchoraji kwa Kompyuta

Istilahi njema hutokana na kuitazama kazi ya kitu, si sura yake tu. Kanuni hiyo ni rahisi kusahauliwa tunapotafsiri programu za kuchorea kwa kompyuta. Mfasiri huona alama ya kifutio, akaandika “kifutio”, akadhani amemaliza. Kumbe neno hilo moja limebebeshwa dhana tatu.

Dhana ya kwanza ni kuondoa. Katika GIMP, programu iliyotolewa kwanza mwaka 1996, tabaka la picha laweza kuwa na chaneli ya alfa, yaani taarifa inayoonyesha kila nukta ina uwazi kiasi gani. Kifutio kikipita juu ya tabaka hilo, rangi huondoka, na kilicho chini huonekana.

Dhana ya pili ni kufunika. Tabaka lisipokuwa na chaneli hiyo, kifutio kile kile hupaka rangi ya usuli, ambayo mara nyingi ni nyeupe. Makarani wa taipureta waliijua tofauti hii: raba huondoa wino, dawa nyeupe huufunika. Juu ya ukurasa mweupe mambo haya mawili hayatofautiani kwa macho. Hutofautiana siku picha inapochapwa juu ya fulana nyekundu, na mahali palipodhaniwa kuwa wazi panapotokea kiraka cheupe.

Dhana ya tatu si kifaa kabisa. Katika Krita, kufuta ni hali ya brashi. Mchoraji akibonyeza kitufe cha E, brashi aliyoishika huanza kufuta kwa umbo lake lile lile. Akibonyeza tena, hurudia kupaka. Aweza pia kuagiza hali ya kufuta iwe na ukubwa wake yenyewe. Kuiita hali hiyo “kifutio” ni kumtuma msomaji akatafute kifaa kisichokuwapo.

Kuna pia kipimo cha asilimia 0 hadi 100 kinachotawala brashi na kifutio kwa pamoja. Neno “uzibaji” laweza kupendekezwa, kwa kuwa rangi ya asilimia 100 huziba kilicho chini yake. Lafaa kwa brashi, lakini kwa kifutio lapotosha, maana kifutio cha asilimia 100 hufichua. “Ukolevu” nao wahitajiwa kwingine, kutenga rangi iliyokolea na iliyopauka. “Nguvu” latosha pande zote mbili.

Basi twapendekeza “kifutio” libaki kwa kifaa kinachojitegemea. “Hali ya kufuta” itumike kwa brashi iliyogeuzwa kazi. Na pale kinapopakwa rangi ya usuli, maelezo yaseme “kufunika”. Atakayeona kwamba maneno haya yamezidi na amfikirie mwalimu anayeulizwa na wanafunzi wake kwa nini kifutio hakikufuta. Akiwa na neno moja tu, hana la kuwajibu.