Kosa halikuwa la papai, lilikuwa la kufunga daftari

Uamuzi wa kuacha kutangaza idadi ya wagonjwa wa korona, uliofuata hotuba ya Chato ya Mei 3, 2020, ulikuwa mbovu siku ile na ni mbovu hadi leo. Kazi iliyotangulia, kuanzia mgonjwa wa kwanza aliyetangazwa Machi 16 hadi karantini ya wasafiri, ilikwenda vizuri, na Ummy Mwalimu, waziri wa afya wakati huo, ambaye baadaye akawa mbunge wa Tanga Mjini, aliisimamia kwa nidhamu. Huko sitarudi.

Turudi kwenye hotuba, maana wengi mliitazama. Rais Magufuli alieleza kwamba zilipelekwa kwa siri kwenye maabara ya taifa sampuli zisizo za binadamu, zikiwa na majina ya watu, umri na jinsia. Oili ya gari ikarudi hasi. Kondoo hasi. Fenesi halikutoa jibu la kueleweka. Papai chanya, mbuzi chanya, kware chanya. Nchi ikacheka, na watu wakaondoka na neno moja tu, kwamba vipimo ni vibovu. Hakuna aliyekaa na majibu yale akayasoma kama anavyoyasoma mtu wa maabara, nayo yalikuwa na habari nzito ndani yake.

Kwanza, sina ugomvi na mtego wenyewe. Kupelekea maabara sampuli za upofu ni kazi halali, na maabara zinazojiheshimu hupimwa hivyo kila mwaka. Ugomvi wangu ni na kilichofanywa baada ya mtego kunasa.

Tazameni mchanganyiko wa majibu. Kama ubovu ungekuwa kwenye kemikali zenyewe, zinazowaka chanya kwa kila kinachowekwa mbele yake, basi oili na kondoo nao wangewaka. Hawakuwaka. Baadhi chanya, baadhi hasi, mengine hayaeleweki: kwa mtu anayekijua kipimo cha PCR, sura hiyo inampeleka kwenye meza ya kazi kabla ya kumpeleka kiwandani. Huenda vinasaba vya virusi vimeruka kutoka kisima kimoja cha sahani ya kupimia kwenda kingine, huenda pipeti haikusafishwa, huenda lebo zimebadilishana, huenda hata aliyekusanya sampuli alikuwa na virusi mikononi. Yote hayo yanapimika, na kwa muda mfupi.

Jibu lililonishtua mimi zaidi ni la oili, ingawa kila mtu alilipita mbio kukimbilia papai. Vipimo kadhaa vilivyotumika duniani mwaka ule, kikiwamo kile cha CDC ya Marekani, vilikuwa na kidhibiti kinachotafuta jeni ya binadamu, kuhakikisha kwamba kijiti kimepita kweli kwenye pua ya mtu. Virusi visipoonekana, na jeni ya binadamu nayo isionekane, jibu linaloandikwa ni batili, na sampuli inaombwa upya. Oili ya gari haina jeni ya binadamu. Kwa hiyo ile hasi ilikuwa inasema jambo zito: ama kipimo kilichotumika hakikuwa na kidhibiti hicho, ama kilikuwa nacho na hakuna aliyekisoma. Na maabara isiyosoma kidhibiti inaweza kumwambia mgonjwa halisi kwamba ni mzima kwa sababu tu kijiti hakikuingia vizuri. Hofu iliyotakiwa kututoa usingizini usiku ule ilikuwa ya wagonjwa waliopita bila kuonekana. Sisi tukahofia kwamba tumehesabu wengi mno.

Nini kilitakiwa? Zichukuliwe sampuli zilezile, zigawanywe, zipelekwe kwenye maabara za jirani: KEMRI Nairobi, UVRI Entebbe na NICD Johannesburg. Ziwekwe sampuli tupu kati ya safu na safu. Zipatikane namba mbili, kiwango cha chanya za uongo na kiwango cha hasi za uongo. Halafu Waziri asimame mbele ya kamera zilezile aseme: kati ya wale 480 tuliowatangaza Aprili 29, tunakadiria kadhaa hawakuwa wagonjwa, na hii hapa hesabu mpya. Hata John Nkengasong wa Africa CDC alipokana kwamba vipimo walivyovigawa ni vibovu, mlango huo ulikuwa bado wazi.

Kilichofanywa ni kwamba Mei 4 mkurugenzi wa maabara na meneja wa ubora walisimamishwa, kamati ikaundwa, na baadaye upimaji ukahamishiwa maabara ya Mabibo. Mpaka hapo bado naweza kuvumilia. Lakini kama maabara ya zamani ndiyo iliyokuwa na kasoro, na mpya ikaletwa kuziba kasoro hiyo, basi namba za maabara mpya zilitakiwa zitangazwe kwa fahari! Hazikutangazwa. Zanzibar ilitoa za kwake mara ya mwisho Mei 7, jumla ya nchi ikafika 509 na vifo 21, na 509 ikakaa kwenye majedwali ya dunia zaidi ya mwaka mzima. Hapo ndipo sababu ya maabara inapoanguka yenyewe.

Pengo lile likajazwa na vitanda. Mei 17 tukaambiwa kwamba hospitali ya Amana, Dar es Salaam, walikuwamo wagonjwa 198 na sasa wamebaki 12, na watu wakalichukua hilo kuwa ushahidi wa ugonjwa kwisha. Hesabu ya vitanda ni kipimo cha kweli, lakini huja nyuma ya maambukizi kwa wiki kadhaa, na hutegemea watu wawe tayari kwenda kulazwa. Mtu aliyeogopa kufa peke yake Amana akajifukiza nyumbani kwake hahesabiwi popote. Kitanda kitupu kinaweza kuwa cha mgonjwa aliyepona, na kinaweza kuwa cha mgonjwa aliyekataa kuja.

Sisi wa Moa, pwani ya Mkinga, tuliujua upungufu huo kwa namna yetu. Kutoka hapa hadi Vanga, upande wa Kenya, ni safari ya ngalawa. Kuna Horohoro ya mihuri na malori, na kuna bandari bubu ambazo kila mtu anazijua na hakuna afisa afya aliyekaa nazo mwaka ule. Upande wa pili Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa Kenya, na wenzake walikuwa wakisimama kila siku kusoma kaunti kwa kaunti, Kwale ikiwamo. Mvuvi wa Moa aliweza kuijua hali ya Kwale kwa redio ya Kenya, lakini hali ya Mkinga, wilaya anayolipia ushuru, hakuijua. Mei 16 Rais Kenyatta akaufunga mpaka kwa watu, akabakiza mizigo na madereva wapimwe. Madereva wa Tanzania wakakutwa na virusi kwa hesabu ya Kenya, wakapimwa upya Arusha wakaonekana wazima kwa hesabu yetu, na mikoa ya mpakani upande wetu nayo ikafunga. Mabishano ya kimaabara yakageuka mabishano ya kidiplomasia, kwa sababu upande mmoja haukuwa na jedwali la kuweka mezani.

Hapa nitarudia wimbo wangu wa zamani, nao wasomaji wa safu hii wanaujua. Hata namba zilipokuwa zikitangazwa, zilitangazwa kimkoa na kwa idadi tupu. Idadi tupu inaidanganya pwani. Kwa sensa ya 2012 Mkinga ilikuwa na watu 118,065, na Jiji la Tanga 273,332. Tuseme kila upande umepata wagonjwa kumi. Kwenye taarifa wanaonekana sawa, lakini Mkinga ni zaidi ya wanane kwa kila watu 100,000, na Tanga hawafiki wanne. Ukiwa na gari moja la wapimaji, unalipeleka wapi? Mganga mkuu wa wilaya anaweza kulijibu hilo kwa kalamu na karatasi, mradi apewe namba. Wakubwa walisema wanazuia taharuki. Mimi nasema waliwanyang'anya waganga wa wilaya chombo chao cha kazi.

Wala tusiambiwe kwamba nchi yetu haikuwa na uwezo. Kule Amani, milimani juu ya Muheza, taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliendesha Mpango wa Pare na Taveta kuanzia miaka ya 1950, eneo lililovuka mpaka wa Tanganyika na Kenya. Walipuliza dieldrin, dawa ya kuua mbu, kwenye nyumba kati ya 1955 na 1959, wakahesabu watu na vifo pande zote mbili kwa utaratibu mmoja, na upulizaji ulipokwisha hawakufunga madaftari: waliendelea kuhesabu hadi 1966, ili wajue nini kinarudi na kwa kasi gani. Gari lao lilipita barabara za vumbi na karatasi zao ziliandikwa kwa mkono. Sisi wa 2020 tulikuwa na simu mfukoni, na wataalamu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wapo hapahapa Muheza na Tanga.

Na kwa vifo vya nyumbani, vile vitanda visivyoviona, tulikuwa na AMMP, mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima. Kuanzia 1992, Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, waandikishaji walikuwa wakipita kaya kwa kaya, na palipotokea msiba mhudumu alikwenda kuwauliza wafiwa kwa heshima dalili za marehemu, kisha madaktari wakakadiria sababu. Mwaka 2020 ingetosha kuirudisha kata chache tu, Moa ikiwa mojawapo, na ndani ya miezi miwili tungejua kama makaburi yameongezeka au la. Hao ndio mashujaa wangu, watu wa madaftari, na kila nikiwakumbuka hasira yangu juu ya Mei ile inapanda upya.

Sasa chanjo. Januari 27, 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka hadharani, na Februari 1 Wizara ikasema haina mpango wa kuzipokea. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 92 zilizostahili mgao wa msaada wa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Na hapa niwe mkweli kuhusu ufundi wa mgao: awamu ya kwanza ya COVAX haikuangalia nani ana wagonjwa wengi, iliangalia idadi ya watu, ikilenga asilimia 20 ya kila nchi. Kwa hiyo kukaa na 509 hakukutupunguzia dozi hata moja. Tulizikosa kwa sababu hatukuomba. Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca Machi 3, kisha India ikabana usafirishaji kutoka Serum Institute, na waliochanjwa mara moja Mombasa na Kwale wakakaa wakisubiri dozi ya pili. Wapo wanaosema basi tuliepuka usumbufu. Nesi wa Kwale aliyechanjwa mara moja alikuwa na kinga kiasi. Nesi wa Mkinga hakuwa na kitu.

Rais Samia, aliyemrithi Magufuli, alirekebisha haraka. Kamati ya Profesa Said Aboud ikaripoti Mei 2021, ikashauri namba zitangazwe na nchi ijiunge na COVAX, na Juni tukajiunga. Julai 24 zikafika dozi 1,058,400 za Janssen, na siku nne baadaye Rais akachanjwa mbele ya taifa. Kazi safi.

Lakini dozi milioni moja na kidogo kwa nchi ya watu wanaokaribia milioni 60 hazifiki asilimia mbili. Uhaba wa namna hiyo ndio unaodai kiwango cha maambukizi kwa wilaya, maana kila kichupa unachopeleka mahali umekinyima mahali pengine. Wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa sugu wakatangulizwa, na hilo ni sahihi popote duniani. Baada ya hapo, Mkinga ya mpakani ipate ngapi na wilaya isiyo na mpaka wala bandari ipate ngapi? Hapakuwa na jedwali la mwaka mzima lililotangazwa ambalo mtu angelitumia kutetea jibu lake au kulipinga. Juni 28 Rais mwenyewe alitaja wagonjwa wapatao 100, takriban 70 kati yao wakiwa kwenye oksijeni. Huo ndio ulikuwa mwanga wetu, na ulikuwa wa taifa zima.

Kisha dozi hizohizo chache zikakosa wachanjwaji wa kutosha wiki za mwanzo, hadi Wizara ikalazimika kuanzisha Mpango Shirikishi na Harakishi, wa kuwafuata watu minadani na majumbani. Sababu ni nyingi, na mahubiri ya Askofu Gwajima ya kupinga chanjo yamo. Ila muuguzi anayemwomba mzee wa Moa atoe bega anaulizwa swali la haki: huo ugonjwa uko wapi hapa kwetu? Kwa miezi kumi na tano serikali yake ilikuwa haijampa namba ya kujibia.

Machi 2023, Marburg ilipotokea Bukoba, wagonjwa wanane na vifo vitano vilitangazwa bila kuchelewa na mlipuko ukafungwa Juni 2. Nikadhani tumejifunza. Januari 2025, Biharamulo, Shirika la Afya Duniani likasema tarehe 14 kwamba kuna washukiwa wa Marburg, Wizara ikakana, na tarehe 20 Rais akathibitisha akiwa na Tedros, mkuu wa shirika hilo, pembeni yake. Siku sita zikapotea, kwa ugonjwa unaoua hivyo!

Ninachotaka kwa Wizara ni jedwali la kila wiki, la kila wilaya, kwa kila watu 100,000, kwa ugonjwa wowote wa mlipuko. Idadi ya waliopimwa iandikwe kando ya idadi ya waliokutwa nao, na idadi ya dozi zilizomo kwenye jokofu la kila kituo iwepo. Libandikwe ofisi ya kata ya Moa, na safu ya Kwale iwekwe jirani na safu ya Mkinga.